Marere na Kuvumwani: Jina, Mazingira na Matarajio ya Tiba Kusini mwa Maniema

1.0 Utangulizi

Mtu asafiriye kutoka Kasongo kwenda Kabambare hupita katikati ya miti na miamba iliyotapakaa madoa ya kijivu, ya manjano na ya kijani kilichofifia. Katika Kiswahili cha kila siku madoa hayo huitwa kuvu tu, au ukungu, au hayaitwi kwa jina lolote. Makala haya yanakusudia kueleza viumbe hivyo ni nini, huishi vipi kusini mwa Maniema, na ni kwa kiasi gani vinaweza kutarajiwa kutoa dawa. Hoja kuu ni kwamba mambo hayo hayatenganiki na suala la jina. Dawa ambayo asili yake haikutambulishwa barabara haiwezi kupimwa, na dawa isiyopimwa haiwezi kuaminiwa.

2.0 Kiumbe chenye uwili

Mwaka 1867 mtaalamu wa mimea wa Uswisi, Simon Schwendener, alitoa rai kwamba kiumbe kinachozungumziwa hapa si mmea mmoja, bali ni ushirika wa viumbe viwili: kuvu na mwani. Wataalamu wengi wa wakati wake waliikataa rai hiyo, lakini baadaye ilithibitika. Kuvu hujenga umbo na kuhifadhi maji. Mwani hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula cha wote wawili. Katika baadhi ya jamii, nafasi ya mwani hushikwa na sayanobakteria, ambao wengi wao huweza pia kunasa naitrojeni ya hewani. Mwaka 2016 utafiti ulioongozwa na Toby Spribille ulionyesha kwamba katika jamii kadhaa yumo mshirika mwingine, kuvu wa aina ya hamira.

Kwa sababu hiyo neno kuvumwani, lililoundwa kwa kuunganisha kuvu na mwani, linaeleza vyema asili ya kiumbe hiki, nalo ndilo litakalotumika hapa. Kuvumwani hutofautiana na vimea vidogo vya kijani vinavyofunika mawe ya mtoni, kwani hivyo ni mimea kamili yenye vijani vyake. Aidha, si kupe wa mti: hukaa juu ya gamba bila kunyonya utomvu. Kwa umbo, wataalamu huzigawa kuvumwani katika makundi makuu matatu. Zipo zinazogandamana na gamba au jiwe mfano wa ukoko wa wali katika sufuria. Zipo zenye umbo la majani yaliyojikunja kingoni. Na zipo zinazosimama kama vichaka vidogo au kuning'inia kama ndevu.

3.0 Jina lililobaki pwani

Si kweli kwamba Kiswahili hakikuwa na neno lolote katika uwanja huu. Kamusi za zamani za Kiswahili cha pwani ziliandika neno marere, au malele, kwa maana ya kuvumwani ya jenasi Roccella iotayo juu ya miti na miamba ya karibu na bahari. Katika karne ya 19 marere yalikuwa miongoni mwa bidhaa zilizosafirishwa kutoka Unguja, pamoja na pembe za ndovu, karafuu na sandarusi. Ulaya yalitolewa rangi ya zambarau ya kutia nguo. Litmasi, ambayo kila mwanafunzi wa kemia anaijua, asili yake ni kuvumwani za namna hiyo hiyo. Baada ya William Henry Perkin kugundua rangi ya zambarau ya kiwandani mwaka 1856, rangi za viwandani ziliendelea kuzisukuma kando rangi za asili, na marere yakapoteza soko.

Kiswahili kilifika Kasongo kwa misafara ya pembe. Mji huo ulikuwa makao makuu ya Hamed bin Muhammad el Murjebi, yaani Tippu Tip, na katika vita vya 1892 hadi 1894 majeshi ya Dola Huru ya Kongo yaliuteka mwezi Aprili 1893. Maneno mengi ya biashara yalisafiri na misafara hiyo na kukita mizizi katika Kingwana. Hata hivyo, marere yalikuwa bidhaa ya ukanda wa pwani, nayo hayakuwa na sababu ya kusafiri kuelekea bara. Isitoshe, si sahihi kulitumia neno hilo kwa kila kuvumwani, kwa kuwa linataja jamii moja mahususi. Ndiyo sababu msamiati wa bara unahitaji kujengwa kutoka Maniema yenyewe.

4.0 Mazingira ya Kasongo na Kabambare

Kusini mwa Maniema ni mahali ambapo msitu mkubwa wa bonde la Kongo hukutana na mbuga za nyasi. Mkutano huo ni muhimu, kwa sababu kuvumwani hupangwa na mwanga na unyevu kuliko kitu kingine. Ndani ya msitu wa tropiki wenye kivuli, zilizo nyingi ni za namna ya ukoko. Zimo hata zinazoishi juu ya majani mabichi ya miti, ambazo hulazimika kukua na kuzaa kabla jani halijaanguka. Katika mbuga, hali ni tofauti. Jua likiwa kali, hasa katika kiangazi cha Juni hadi Agosti, kuvumwani hukauka na kusimamisha shughuli zake zote. Umande au mvua ikishuka, huhuika tena kwa muda mfupi. Adui yake mkubwa huko ni moto wa nyasi, ambao huunguza sehemu ya chini ya mashina. Upande wa mashariki, milima ya Itombwe, ambayo sehemu yake ni hifadhi tangu 2006, ina ukungu na baridi. Mazingira ya namna hiyo huzifaa zile zenye umbo la ndevu, yaani jenasi Usnea.

Kuvumwani haina mizizi. Maji na madini yake huyapata kutoka hewani na katika mvua, na haina njia rahisi ya kuyatoa yale yasiyofaa. Kwa hiyo hukusanya risasi, zebaki na metali nyingine, na katika nchi nyingi hutumiwa kama kipimo cha uchafuzi wa hewa. Jambo hili lina uzito wa pekee Kabambare, eneo lenye dhahabu ya Namoya, kwa sababu wachimbaji wadogo wa dhahabu katika nchi nyingi za tropiki huichoma zebaki ili kuitenga dhahabu. Kuvumwani iliyokusanywa karibu na mahali pa namna hiyo yaweza kuwa shahidi mzuri wa hali ya hewa, lakini ni dawa ya hatari.

5.0 Matarajio ya tiba na mipaka yake

Kabambare ina nafasi yake katika historia ya magonjwa. David Livingstone, aliyepaita Bambarre, alizuiliwa kibandani mwake huko kuanzia tarehe 22 Julai hadi 10 Oktoba 1870, siku 80, kwa sababu ya madonda ya miguu. Hatimaye alitumia unga wa malakiti, jiwe la kijani lenye shaba, uliosagwa kwa maji. Donda ndugu ni ugonjwa unaohusisha bakteria, na ni dhidi ya bakteria ambapo kuvumwani zimeonyesha nguvu.

Asidi ya usniki, iliyomo katika Usnea na jenasi nyingine, ilitengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1844. Mwaka 1944, Paul Burkholder na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba dondoo za kuvumwani kadhaa huzuia ukuaji wa bakteria. Uchunguzi wa baadaye umethibitisha kwamba asidi hiyo huwadhuru stafilokoka, na pia bakteria wa kifua kikuu, katika vyombo vya maabara. Kemikali zinazojulikana kutoka kuvumwani sasa zinazidi 1000.

Lakini chombo cha maabara si mwili wa mtu. Mwezi Novemba 2001 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaonya watu dhidi ya kidonge cha kupunguza unene chenye chumvi ya asidi ya usniki, baada ya watumiaji kupata madhara makubwa ya ini. Asidi ya vulpini, itokayo katika kuvumwani nyingine, ilitumiwa zamani kaskazini mwa Ulaya kuwaulia mbwa mwitu. Kitu kile kile kinachoua vijidudu chaweza kumdhuru mgonjwa, hasa kikinywewa.

Kasongo yenyewe imetoa mfano wa namna tiba inavyopaswa kupimwa. Katika miaka ya 1970 mradi wa afya uliohusiana na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp ulifuatilia watoto waliochanjwa surua na wasiochanjwa, ili kujua iwapo chanjo inabadilisha kweli uhai wao. Matokeo yalichapishwa mwaka 1981 katika jarida la Lancet. Chanjo haikuchukuliwa kuwa imefaulu kwa sababu tu imetoka maabara. Ilipimwa kwa uhai wa watoto wa Kasongo. Dawa ya kuvumwani inastahili kipimo hicho hicho, si pungufu.

6.0 Hitimisho

Mwaka 1988 T.D.V. Swinscow na Hildur Krog walichapisha kitabu cha kuvumwani kubwa za Afrika Mashariki, kinachobaki kuwa msingi wa kuzitambua. Kazi ya namna hiyo kwa Maniema inahitaji mikono miwili: ya mtaalamu wa mimea na ya mtaalamu wa lugha. Mganga wa Kibangubangu au wa Kikusu akionyesha anachotumia, yafaa yaandikwe majina yote kwa lugha yake na kwa Kiswahili, mti au jiwe kilipotoka, msimu, na jinsi kinavyotumiwa. Kisha kipande kidogo kikaushwe katika karatasi na kuhifadhiwa penye kumbukumbu za mimea. Kipande kidogo kinatosha, kwani nyingi hukua milimita chache tu kwa mwaka, na shina lililokwanguliwa leo halitavaa tena upesi.

Mti ukikatwa kwa ajili ya shamba au makaa, kuvumwani zake huenda nao. Mzee akifariki, majina aliyoyajua huenda naye. Marere yaliingia kamusini kwa kuwa wafanyabiashara waliyahitaji. Kuvumwani za Kasongo na Kabambare hazina mnunuzi wa kuzitafutia jina, na kwa hiyo kazi hiyo imebaki kuwa ya vyuo.