Maji Yakipwa, Chambo Hutafutwa

Mvuvi wa mshipi anayevua akiwa nchi kavu huko Chwaka, mashariki ya Unguja, huanza kazi samaki wakiwa bado mbali. Bahari ikipwa, ghuba huacha wazi mchanga, nyasi za bahari na matope ya mikoko, na hapo ndipo chambo kinapotafutwa. Ikijaa, samaki huja kula palepale palipokuwa pakavu saa chache zilizopita. Basi anayechimba chambo huwa pia anapeleleza: wapi pana mfereji, wapi pana mashimo mengi ya kaa, ndoana itupwe wapi.

Kalenda ya kazi hii ni mwezi. Unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, na maji ya Unguja huweza kupanda na kushuka takriban mita 4. Siku za maji mafu pwani haikauki sana, na chambo huwa haba. Tena kila siku maji huchelewa kwa karibu dakika 50, kwa hiyo aliyechimba jana asubuhi hawezi kushika saa ileile leo.

Katika matope ya mikoko anayetafutwa sana ni mnyoo ambaye wavuvi wengi humwita mwata. Huchimbwa kwa jembe au kwa mkono, taratibu, maana akikatika hutoka maji, hulegea na kufa upesi. Harufu yake ndiyo inayoita samaki, na mwili wake unaojinyonganyonga ndio unaokamilisha ushawishi. Kumtunza kunahitaji uangalifu kuliko kumchimba. Huwekwa kivulini katika kopo lenye tope lilelile alimotoka; hastahimili jua wala maji ya mvua. Aliyekufa hutolewa mara moja, kwani akioza huwaharibu wenzake wote. Watoto wanaotumwa kubeba kopo la babu au mjomba hujifunza haya kabla ya kuruhusiwa kushika mshipi.

Kamba naye huhitaji ndoo ya maji ya bahari yanayobadilishwa mara kwa mara, kwani maji yakipata joto hukosa hewa. Ndoana hupitishwa karibu na mkia. Ikipita kichwani kwenye doa jeusi, kamba hufa papo hapo na kubaki kama nyama ya kawaida. Samaki mdogo wa chambo hutobolewa mdomoni penye mkondo, ili akae ameelekea maji. Palipotulia hutobolewa mgongoni, juu ya uti, apate kuogelea.

Lakini uhai wa chambo peke yake hautoshi. Changu ana magego ya kusagia magamba, kwa hiyo kaa mdogo humfaa sana. Chewa hukaa pangoni akivizia, na kolekole hukimbiza kwa macho. Hao wawili huvutwa na samaki mzima anayehangaika. Tasi hula zaidi mwani, ndiyo maana wanaomtaka huacha mshipi na kumtegea dema lililotiwa mwani ndani.

Mara nyingi sifa zote humwendea aliyevuta samaki mkubwa, na hilo si haki. Wanawake wa vijiji vingi vya pwani hutanda dagaa na uduvi katika maji ya magoti, na kuokota pweza na kombe miambani. Wao ndio wanaojua jiwe gani lina kitu chini yake. Ujuzi huo ni wa uvuvi sawasawa na ule wa kutupa ndoana.

Mahali pa chambo pia panahitaji ulinzi. Jiwe likigeuzwa na kuachwa hivyo, viumbe waliokuwa upande wa chini huungua juani, na tope likichimbwa ovyo hufichua mizizi ya mikoko. Kisiwa Panza, Pemba, wanakijiji wamekuwa wakifunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, kisha kuifungua. Pweza hukua upesi, kwa hiyo faida huonekana mapema. Matope ya mwata yangestahili zamu kama hizo: upande mmoja upumzishwe bamvua kadhaa huku mwingine ukichimbwa, mashimo yafukiwe kabla maji hayajarudi, na minyoo wadogo waachwe ardhini.