Fahamu: Mfadhili na chuo kikuu cha umma

Chuo Kikuu cha Nairobi kina mizizi katika harambee. Wahindi wa Afrika Mashariki, kupitia Gandhi Memorial Academy Society, walichangishana fedha za kujenga chuo, kisha wakakubali kuungana na Royal Technical College, mtangulizi wa chuo kikuu hiki, kilichopokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1956. Mchango ule ulifaa kwa sababu uliingia katika chuo cha watu wa rangi zote. Wapo wanaohofu kwamba mfadhili huja na masharti. Hofu hiyo ni ya haki, na dawa yake ni mikataba kuwekwa wazi. Lakini hatari kubwa zaidi ni serikali kujitoa: mfadhili hupenda jengo lenye jina lake, ilhali mishahara ya wahadhiri na umeme wa maabara huisubiri hazina ya taifa kila mwezi.