Mkorogo Hauishii Usoni

Mfunguo Mosi ukiingia, Mji wa Kale huanza kunukia udi na asumini. Bi harusi hutawishwa ndani, akasingwa kwa liwa, akatiwa hina. Mila hiyo hatuna ugomvi nayo. Tunachokigombeza ni kile kikopo kisicho na jina la mtengenezaji, kinachopitishwa mkono kwa mkono vichochoroni Kibokoni na Kuze, ili mwari atakate kabla ya siku yake.

Katika krimu nyingi za namna hiyo kumekutwa zebaki. Zebaki huizuia ngozi kutengeneza rangi yake ya asili, na kwa kuwa uso hubadilika upesi, watu huiamini. Lakini hupenya, ikaingia damuni na kushukia kwenye figo. Mwaka 1972 madaktari walichapisha habari za wagonjwa 60 wa Nairobi, watu wazima, ambao figo zao zilikuwa zikivujisha protini na miili ikivimba. Kati yao 32 walikuwa wakitumia krimu za kujichubua zenye zebaki. Zaidi ya miaka 50 imepita, Shirika la Viwango la Kenya limekwisha kuzipiga marufuku, na vikopo vingali vikiuzwa!

Mama mjamzito humfikishia sumu hiyo mtoto aliye tumboni. Na aliyekwisha kuzaliwa hulala juu ya mto uleule, akafutwa kwa taulo ileile.

Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Ar-Rum, aya ya 22, amezitaja rangi zetu miongoni mwa ishara Zake. Aya hiyo tungependa kuwasomea kwanza wanaume, wale wanaotuma wazee wakaposwe "mweupe", kisha wakashangaa dada zao wanajichubua.

Wazazi, kisomeni kikopo. Mkikuta neno "mercury", "calomel" au "mercurous chloride", au onyo kwamba krimu isiguse dhahabu wala fedha, basi hiyo ni zebaki. Na bi harusi wetu hujaa dhahabu shingoni na mikononi. Kisichoandikwa kilichomo kisinunuliwe kabisa. Aliyekwisha kukitumia asione haya: akifunge ndani ya mfuko, aende nacho kwa daktari, amweleze amepaka kwa muda gani, na aombe apimwe mkojo.