Mstari Uliopenyezwa: Kasoro za Seva za Wavuti na Ulinzi wa Nywila

1.0 Utangulizi

Mwaka 1989 Askofu Emmanuel Kataliko alianzisha Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben mjini Butembo, Kivu ya Kaskazini. Mwaka huohuo, huko Geneva, Tim Berners-Lee aliwasilisha pendekezo lililozaa wavuti. Wakati ule mambo hayo mawili hayakuwa na uhusiano wowote. Leo yamekutana, kwani mwanafunzi wa Butembo au Beni huandika barua, husoma majarida na hutuma fedha kwa simu, na kila mlango anaoupitia humdai nywila. Aghalabu nywila hiyo ni moja tu kwa milango yote. Ikiibwa pamoja, yote imeibwa.

Makala haya yanakusudia kueleza kasoro ya aina moja inayoweza kumpokonya mtu nywila au idhini yake bila yeye kukosea lolote, yaani upenyezaji wa mistari ya kichwa, na kubainisha namna ya kujikinga nayo.

2.0 Suala la istilahi

Wako wanaopendelea kuiita kasoro hii “udungaji”. Neno hilo linatokana na sindano, na humfanya msomaji afikirie nguvu. Kitenzi “kupenyeza” kinafaa zaidi. “Kupenya” ni kupita mahali pembamba; kiambishi cha usababishi kinaonyesha kuwa yupo anayekipitisha kitu hicho. Methali isemayo penye udhia penyeza rupia inabeba maana hiyohiyo: kitu kinapitishwa kimyakimya kwenye mwanya, na mlinzi hapigi kelele. Huko Beni na Butembo, ambako Kinande, Kiswahili na Kifaransa hukutana katika mazungumzo, istilahi inayojieleza yenyewe ina faida kubwa.

3.0 Kasoro inavyotokea

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa Butembo anayempa dereva barua ipelekwe Beni. Nje ya bahasha huandikwa maagizo: jina la mpokeaji, mahali, na kama barua ni ya haraka. Ndani mna ujumbe wenyewe. Kivinjari na seva hufanya vivyo hivyo kwa kanuni iitwayo HTTP, ambayo toleo lake la 1.0 lilichapishwa mwezi Mei 1996. Kwanza hutangulia mistari ya kichwa, kisha mstari mtupu, kisha ujumbe. Kila mstari wa kichwa humalizwa na alama mbili zisizoonekana, namba 13 na 10 katika orodha ya ASCII, zilizorithiwa kutoka mashine za kupigia chapa kwa simu ya waya.

Sasa tuseme karani hunakili juu ya bahasha jina lolote analotajiwa. Mteja mjanja anataja jina, kisha anaendelea: “mstari mpya: mkabidhi mchukuzi huyu ufunguo wa ghala.” Karani anaandika yote bila kufikiri, na mpokeaji huko Beni anadhani agizo limetoka kwa mwenye duka. Katika anwani ya wavuti alama hizo mbili huandikwa %0d%0a. Seva inayozikubali na kuzinakili katika kichwa cha jibu lake imemkabidhi mgeni kalamu yake.

4.0 Madhara kwa nywila

Madhara yako ya namna tatu. Kwanza, mshambulizi anaweza kugawa jibu la seva kuwa majibu mawili, na la pili likawa ukurasa wa uongo unaodai nywila. Amit Klein alilieleza jambo hili kwa kirefu mwaka 2004.

Pili, anaweza kupenyeza kidakuzi chenye namba anayoijua yeye. Mtumiaji akiingia kwa nywila yake halali, na seva isipobadilisha namba hiyo, mshambulizi huingia nyuma yake bila kuijua nywila kabisa.

Tatu, na hili ndilo la hila zaidi, mshambulizi huomba nywila ya mtu mwingine ibadilishwe, huku akighushi mstari unaotaja jina la tovuti. Seva inayouamini mstari huo hutunga kiungo kwa jina la uongo na kukituma kwa baruapepe. Barua ni ya kweli, mtumaji ni wa kweli, ila kiungo humpeleka msomaji kwa mwizi pamoja na alama ya siri ya kubadilishia nywila. James Kettle aliichambua mbinu hii mwaka 2013.

5.0 Kinga

Ni kosa kudhani kuwa usimbaji wa mawasiliano unatosha. Usimbaji hufunga bahasha njiani. Haumzuii karani kuandika uongo kabla bahasha haijafungwa. Hata hivyo ni wa lazima, kwa sababu katika njia ya zamani ya utambulisho ya HTTP nywila husafiri katika kichwa ikiwa imegeuzwa tu kwa Base64, na yeyote anaweza kuigeuza tena.

Mtunza seva hana budi kuzikataa alama za 13 na 10 katika kila data ya mgeni itakayoingia kichwani. Lugha ya PHP ilianza kuzuia vichwa viwili kutumwa kwa wito mmoja katika toleo la 5.1.2, mwaka 2006. Programu zilizopitwa na wakati hazina kinga hiyo. Jina la tovuti litolewe katika orodha iliyowekwa na mwenyewe, na namba ya kidakuzi ibadilishwe kila mtu anapoingia.

Mtumiaji naye asome anwani kabla ya kuandika nywila, asifungue kiungo cha kubadilisha nywila ambacho hakukiomba, awe na nywila tofauti kwa kila mlango, na ajiondoe anapotumia kompyuta ya wengi.

6.0 Hitimisho

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitoa Kanuni ya Dijitali tarehe 13 Machi 2023, inayohusu pia ulinzi wa data za watu na makosa dhidi ya mifumo ya kompyuta. Sheria humwadhibu mwizi akishakamatwa. Mwanya wenyewe huzibwa na mtu mmoja tu: yule karani, akikataa kunakili asichokichunguza.