Wingu la Krakatau

Wajukuu wa Kalenga, leo sungura wa hadithi apumzike. Nawapa habari ya mlima uliolipuka Indonesia, na wingu lake likavuka anga la mababu zenu.

Ilikuwa Agosti 1883. Mtwa Mkwawa alikwishashika utawala wa Uhehe, lakini ile ngome ya mawe ya Kalenga, ambayo Wajerumani waliivamia 1894, ilikuwa bado haijajengwa. Krakatau ikapasuka kwa kishindo kilichosikika hadi kisiwa cha Rodrigues, karibu kilomita 4,800 ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Mawe yake mepesi, yale yanayoelea majini, yalisukumwa na mawimbi mpaka pwani ya Afrika Mashariki. Wingu nalo likashika njia ya magharibi, likaizunguka dunia kwa wiki mbili hivi. Krakatau iko nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, Kalenga karibu nyuzi 8. Mababu zenu walikuwa njiani kabisa!

Mlipuko mkubwa kama huo huweza kuipoza dunia. Wengi hudhani majivu ndiyo huleta baridi hiyo. Wapi! Majivu mengi ni mazito, huanguka upesi. Mkorofi ni gesi ya salfa. Ikirushwa juu kupita mawingu, mvua haiwezi kuiosha. Huko hugeuka matone madogo mno ya asidi, yakakaa mwaka mmoja au miwili yakirudisha mwanga wa jua kama bati jipya. Pinatubo ya Ufilipino ilirusha tani zipatazo milioni 15 za gesi hiyo Juni 1991, na wastani wa joto la dunia ukashuka karibu nusu nyuzi. Mlipuko wa mlima Tambora, wa 1815, ulizidi: mwaka uliofuata theluji ilianguka mwezi Juni kaskazini mashariki mwa Marekani.

Lakini hapa pana kitendawili ninachokipenda. Baada ya Pinatubo, majira ya baridi ya Ulaya ya kaskazini yalikuwa na joto kuliko kawaida! Matone yale hupasha moto anga la juu la tropiki, pepo za magharibi zikapata nguvu, zikabeba joto la bahari hadi bara. Matone hayo yalichangia joto hilo kiasi gani? Wanasayansi wangali wanabishana.

Na Rungwe yetu ya Mbeya? Ililipuka vibaya miaka kama 4,000 iliyopita. Leo imetulia, na udongo wa volkano unawalisha watu wa Tukuyu ndizi na chai.

Kwa hiyo Julai ikiwatetemesha, msiisingizie Rungwe. Kalenga iko mita zipatazo 1,500 juu ya bahari, na wakati huo jua limehamia kaskazini. Vaeni masweta.