"Ni Kweli": Maneno Mawili Yanayofunga Leseni

Jumatatu asubuhi mahakamani Kisii, waliokamatwa wikendi hupanda kizimbani na nguo za Jumamosi. Dereva wa Probox ya Keroka, mwalimu aliyekuwa akitoka matangani Suneka, kijana wa bodaboda. Karani anasoma shtaka: uliendesha gari ukiwa umelewa kiasi cha kushindwa kulimudu. Ni kweli au si kweli? Mtu anawaza mwenye gari anayesubiri hesabu ya jana, anawaza watoto, anataka yaishe. "Ni kweli." Mwendesha mashtaka anasoma maelezo, hakimu anauliza kama ni sahihi, mtu anaitikia kwa kichwa. Ameshatiwa hatiani.

Wengi hudhani faini ndiyo adhabu yote. Kumbe kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki huambatanisha hatia hiyo na kufungiwa leseni miezi 12, na hakimu anaweza kuongeza. Kwa mtu wa Probox, mwaka huo ni karo, kodi ya nyumba na mkopo wa sacco.

Marekani, majimbo mengi husimamisha leseni hata kabla ya kesi kusikizwa. Kwetu Kenya, askari wa barabarani hana uwezo wa kukufutia leseni. Kwa kosa hili, anayekufungia ni hakimu, akishakutia hatiani. Ndiyo maana swali la karani lina uzito zaidi kuliko lile la askari kwenye kizuizi cha barabarani.

Rufaa ipo, Mahakama Kuu ya Kisii au ya Nyamira, na siku ni 14. Lakini aliyekiri atabanwa na kifungu cha 348 cha Sheria ya Mwenendo wa Jinai: anaweza kulalamikia ukubwa au uhalali wa adhabu tu, si hatia yenyewe. Hubaki upenyo mmoja, kwamba kukiri kwenyewe kulikuwa na dosari. Tangu kesi ya Adan ya 1973, mahakama zetu zinatakiwa kumsomea mshtakiwa shtaka na vipengele vyake kwa lugha anayoielewa. Na kifungu cha 50 cha Katiba kinampa mkalimani bila malipo.

Na ukikana shtaka, yapo ya kupinga. Kanuni za 2011 za alkoblo, kile kipimo cha kupuliza, ziliweka kikomo cha mikrogramu 35 za pombe katika mililita 100 za pumzi. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ilisema kanuni hizo zimegongana na sheria mama, kwa sababu kifungu cha 44 kinataka ithibitishwe kuwa dereva alishindwa kulimudu gari. Basi uliza: askari aliliona gari likiyumba? Nani alishuhudia ukipuliza? Karatasi ya kipimo iko wapi?

Simtetei mlevi. Barabara ya Kisii kwenda Keroka ni milima na kona, na mvua zetu hazina msimu. Anayeiendesha na pombe kichwani anacheza na roho za watu, na akithibitishwa afungiwe. Ninachotaka ni athibitishwe. Kukana shtaka si kusema uongo, ni kuutaka upande wa mashtaka ulete ushahidi wake.

Na kama Kiswahili cha karani kimekupita, sema hivyo papo hapo, kabla hujajibu lolote: "Mheshimiwa, naomba nisomewe kwa Ekegusii."