Urithi Unaodai Fedha Kwanza

Mtu akaaye Ukunda, Gazi au Msambweni akiambiwa kwamba jamaa yake wa mbali amefariki na kuacha mali, hana sababu ya kucheka. Watu wa pwani ya kusini wamekuwa na ndugu Pemba, Unguja, Tanga na Maskati tangu zama za majahazi, na katika miaka hii vijana wengi wamekwenda Saudi Arabia, Qatar na Oman kutafuta kazi. Huko Diani nako wamekaa Wazungu waliostaafu, na baadhi yao wameoana na wenyeji. Wakifariki, huacha nyumba, akiba na wasia. Urithi wa kutoka mbali, basi, ni jambo lililoko. Na kwa kuwa liko, mlaghai hana haja ya kubuni jambo jipya. Huazima jambo la kweli, akaligeuza kidogo tu.

Habari za uongo zilikuwa zikija zamani kwa barua yenye stempu ya nchi za nje. Siku hizi huja kwa simu ya mkononi au kwa baruapepe. Maneno yake aghalabu hufanana. Mathalan, mtu apata ujumbe ya kwamba mjomba wake aliyehamia Maskati miaka mingi iliyopita ameaga dunia, hakuacha mtoto, na benki imetafuta warithi mpaka imempata yeye. Fedha ni nyingi, nazo zimekwisha andaliwa. Kilichobaki ni ada ndogo ya kuthibitisha hati, Sh. 6,500/-, itumwe leo kwa nambari ya simu ya wakili. Aituma. Baada ya siku tatu zatakiwa Sh. 18,000/- za kodi ya urithi, kisha Sh. 40,000/- za bima ya kusafirisha fedha. Kila ada huitwa ya mwisho. Mbuzi huuzwa, karo ya mtoto huchukuliwa, na mwishowe shamba la minazi huwekwa rehani, kwa maana mtu aliyekwisha toa Sh. 24,500/- huona uchungu kuziacha zipotee hali ameambiwa yu karibu kufika.

Hapo ndipo ilipo nguvu ya ujanja huu. Watu husema kwamba aliyedanganywa aliponzwa na tamaa, na pengine kwa ada ya kwanza ndivyo. Lakini ada ya tatu na ya nne hulipwa kwa kuogopa hasara, na woga huo humshika msomi sawasawa na asiyesoma.

Ulaghai huu si mgeni, wala haukuanzia Afrika, ingawa wengi huuita kwa nambari 419 kwa ajili ya kifungu cha sheria ya jinai ya Nigeria kihusucho udanganyifu. Katika Marekani, mtu mmoja wa jimbo la Iowa aitwaye Oscar Hartzell aliwaambia watu kwamba mali ya Sir Francis Drake, nahodha wa Kiingereza aliyefariki mwaka 1596 bila kuacha mtoto, haijagawanywa bado, na kwamba atakayechangia gharama za kuidai atapata fungu kubwa kupita kiasi. Makumi ya maelfu ya watu, wengi wao wakulima, walimpelekea fedha, naye akakaa London kwa raha miaka mingi. Aliwataka wachangiaji wake wanyamaze kimya, wasimwambie mtu. Mwaka 1933 Serikali ya Uingereza ilimrudisha kwao, akashtakiwa na kuhukumiwa kifungo; na hata wakati huo wengi wa wale waliochangia walimtetea na kuendelea kutoa fedha. Mali yenyewe haikuwako.

Urithi wa kweli huenda kwa mwendo mwingine kabisa, kwa kuwa huanza na marehemu, si na fedha. Kwanza hapana budi ijulikane ni nani aliyekufa, alikufa lini na wapi, na kiwepo cheti cha kifo. Katika Kenya, familia huenda kwa chifu, naye huandika barua ya kuwataja warithi. Barua hiyo na cheti cha kifo hupelekwa mahakamani pamoja na maombi ya kusimamia mirathi. Maombi hayo hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye kupinga hupewa siku 30 za kusema neno lake. Msimamizi akisha kuteuliwa, kwa kawaida hupita miezi sita kabla ya mahakama kuthibitisha ugawaji. Wengi hulalamika kwamba mwendo huu ni mrefu na wachosha, na hawakosei. Walakini mtu ajaye na mali ya marehemu ambayo haikupita katika hatua hata moja ya hizo, yapasa aulizwe imepita wapi.

Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, yamkataza mtu asiye na idhini ya kisheria kushika au kugawa mali ya marehemu. Kwa hiyo wakala asemaye kwamba fedha zi tayari mkononi mwake, naye hana hati ya mahakama ya kuonyesha, ama asema uongo ama avunja sheria. Kwa vyovyote viwili hafai kupelekewa shilingi.

Kwa Waislamu, ambao ndio wengi katika Kwale, jambo hili lina kipimo kingine kilicho karibu zaidi. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 1990, mali ya Mwislamu hurithiwa kwa sheria ya Kiislamu, na Kadhi ndiye ambaye watu wengi humwendea. Swali la kwanza la Kadhi huwa juu ya watu: marehemu ameacha mke, au wake wangapi? Wana na mabinti ni wangapi? Wazazi wako hai? Ndugu je? Kila mmoja ana fungu lake lijulikanalo. Mke, kwa mfano, hupata thumuni ikiwa marehemu ameacha mtoto, na robo ikiwa hakuacha. Wasia nao haupiti thuluthi ya mali.

Sasa turudi kwa yule mjomba wa Maskati. Si bure kwamba mlaghai alimchagua mjomba. Wadigo walikuwa na desturi ya kurithishana kwa upande wa mama, hata mali ya mtu ikaenda kwa watoto wa dada yake na si kwa wanawe wa kuzaa, na kesi za wapwa na wana ziliendelea muda mrefu baada ya Uislamu kuenea katika vijiji. Neno la mjomba, kwa hiyo, lina uzito masikioni mwa Mdigo. Mtu huona kwamba ni haki yake ya tangu mababu. Bali katika sheria ya Kiislamu, ambayo ndiyo ifuatwayo na Waislamu wa Oman kama ifuatwavyo Kwale, mtoto wa dada hana fungu lililowekwa, wala hamo katika wale wachukuao baki. Hufikiriwa tu pale ambapo warithi wa karibu hawako. Mtu aambiwaye kwamba amerithi mali yote ya mjomba wake, bila mtu kumwuliza kama mjomba huyo aliacha mke, watoto, ndugu wa kiume au watoto wao, aweza kujua papo hapo kwamba hakuna kadhi wala hakimu aliyelitazama jambo hilo.

Tena kuna barua za namna nyingine zisemazo kwamba tajiri mmoja wa London amekufa pasipo jamaa, na kwa kuwa jina lake la ukoo ni moja na la mwenye kupokea barua, benki yaweza kumfanya mrithi. Ni vigumu kufikiri ni tajiri gani wa London aliyekuwa akiitwa kwa jina la mbari ya Kidigo au Kiduruma. Na hata angalikuwako, kufanana kwa majina hakumfanyi mtu kuwa mrithi, na benki haina mamlaka ya kumteua.

Jambo la ada lahitaji kuelezwa kwa makini, maana si kweli kwamba mirathi haina gharama. Mahakama hutoza ada ya kufungua kesi, wakili naye hutaka ujira wake, na nakala za vyeti hulipiwa. Lakini ada ya mahakama huingia katika hesabu ya Serikali na hutolewa risiti. Haitumwi kwa nambari ya simu ya mtu binafsi. Gharama zilizo halali za kusimamia mirathi hulipwa kutoka katika mali yenyewe ya marehemu. Kama kweli ziko fedha nyingi namna ile, mtu aweza kuuliza kwa nini Sh. 6,500/- zisikatwe humo. Jibu la swali hili halijapata kuwa la kuridhisha. Ama ile kodi ya urithi, Kenya haina kodi hiyo. Iliyokuwako tangu zama za ukoloni ilifutwa mwaka 1982.

Yafaa pia kusema habari za fedha zilizosahauliwa, kwa sababu hizo ni za kweli na walaghai wamezifanya pazia lao. Kwa sheria ya mwaka 2011, Kenya ina Mamlaka ya kushika mali za kifedha zisizodaiwa, yaani akiba za benki zilizolala, faida za hisa, fedha za bima na salio la simu ambalo mwenyewe amekufa au ametoweka. Mabenki na makampuni hutakiwa kuzipeleka huko muda uliowekwa ukipita. Mrithi aweza kutafuta jina la marehemu wake na kudai, akionyesha kitambulisho, cheti cha kifo na hati ya mahakama. Kudai hakuna ada. Mtu ajaye Lunga Lunga au Kinango akisema kwamba ametumwa na Mamlaka hiyo kuandikisha warithi kwa Sh. 500/- kila mmoja, hakutumwa.

Mzazi aliyefiwa na mtoto aliyekuwa kazini Arabuni yuko katika hali ngumu kupita wengine, kwa kuwa pengine kweli iko mishahara isiyolipwa au fedha za fidia, na moyo wake una majonzi. Huyo na awasiliane na Wizara ya Mambo ya Nje iliyoko Nairobi, ambayo kupitia ofisi za balozi zake Riyadh, Doha na Maskati yaweza kuuliza kwa mwajiri. Asimtumie mtu aliyempigia simu mwenyewe akijiita afisa wa ubalozi. Atafute nambari ya wizara kwa njia nyingine, apige yeye. Na aliyeambiwa kwamba ametajwa katika wasia wa Mwingereza wa Diani aweza kudai nakala. Katika England wasia uliothibitishwa na mahakama ni waraka wa wazi, na yeyote aweza kupewa nakala yake kwa kulipa ada kwa mahakama. Wakili wa Kenya ajulikane kwa jina katika orodha ya Chama cha Mawakili. Asiyeonekana humo, muhuri wake hauna maana hata uwe mzuri namna gani.

Liko jambo moja zaidi, nalo ni siri. Takriban kila mlaghai husema, “Usimwambie mtu mpaka fedha zifike, watu wana husuda.” Maneno haya huingia vizuri kijijini, kwa maana husuda iko. Hata hivyo urithi ni jambo la ukoo mzima. Sheria yautangaza katika Gazeti Rasmi, chifu auliza wazee, Kadhi awaita warithi wote mbele yake. Kama yule wa Ukunda angalimwuliza shangazi yake mzee habari za mjomba wa Maskati, huenda angaliambiwa kwamba mjomba huyo alirudi zamani, akazikwa Vanga, au kwamba mama yake hakuwa na kaka kabisa. Swali hilo halikuhitaji wakili. Lilihitaji kwenda Msambweni kwa matatu.

Aliyekwisha lipa asifute ujumbe wala rekodi za fedha alizotuma. Aijulishe kampuni ya simu au benki mara moja, kwa kuwa fedha ambazo hazijatolewa upande wa pili pengine zaweza kuzuiwa, na zilizokwisha tolewa ni shida kuzipata. Kujipatia fedha kwa uongo ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Sheria ya Adhabu, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka mitatu. Tena awe macho, maana majina ya waliokwisha danganywa huuzwa kati ya walaghai wenyewe. Baada ya miezi michache aweza kupigiwa simu na mtu mwingine mwenye sauti ya upole, asemaye kwamba ni mpelelezi, kwamba mwizi amekamatwa na fedha zimepatikana, na kwamba yatakiwa ada ya kufungua jalada ili arudishiwe. Kuandikisha mashtaka katika kituo cha polisi cha Diani, Msambweni au Kwale hakuna ada.